Kitabu Kilichokatazwa

Msomaji, tuseme kitabu cha uchawi kilichokatazwa kimevaa umbo la mtu, kikasimama mbele yako na kuuliza: “Nimemdhuru nani mimi, nisiyefunguka ila nifunguliwe?” Utakijibu nini?

Prospero, katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Tempest, uliochezwa mwaka 1611, alikuwa na kitabu cha namna hiyo. Kwa nguvu zake aliwatia adui zake mkononi. Alipoweza kulipiza kisasi, alisamehe, akaazimia kukizamisha kitabu baharini. Hakulazimishwa na mtu.

Katazo laweza kufunga kurasa. Haliwezi kufunga tamaa. Kitabu hakina mkono, mkono ni wa msomaji. Basi kabla ya kukihukumu, jiulize: ungekifungua kwa nia gani?