Enzi Zile Zilikuwa Njema, Lakini kwa Nani?

Andiko letu wiki hii ni Mhubiri 7:10, mahali tunapoonywa tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, maana swali hilo halitoki kwa hekima. Kusema ukweli, andiko hili hunisumbua, kwa sababu mimi napenda ya kale. Kijana wa leo akisikia "Odeon" anafikiria steji ya matatu, na "Globe" kwake ni raundabauti. Sisi wengine tunakumbuka kwamba yote mawili ni majina ya sinema. Na hapa Thika Road kulikuwa na Fox Drive-In, unaangalia picha ukiwa ndani ya gari, spika imening'inia dirishani.

Wazee tukikaa pamoja tunasema picha za zamani zilikuwa safi. Hakuna matusi, hakuna uchi, mwizi lazima ashikwe mwishoni. Ni kweli. Lakini hebu tuulize, usafi huo ulitoka wapi? Kuanzia 1934 hadi 1968 kampuni za filamu za Hollywood zilifuata kanuni zilizoandikwa, za nini kionyeshwe na nini kifichwe. Hata mume na mke mara nyingi walionyeshwa kila mtu na kitanda chake. Kanuni hizo hizo zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi. Kwa hiyo picha ilikuwa safi kwa sababu kuna mtu aliyekata. Haikumaanisha watu wa wakati ule walikuwa safi kutuliko.

Chukua mfano wa karibu. Filamu ya Mogambo, ya mwaka 1953, ilikuwa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, na sehemu zake zilipigwa huku kwetu upande wa Thika. Ukiitazama utaona nchi nzuri, wanyama, mahema, maisha matulivu. Lakini Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Wanaume walikuwa wanashikwa na kupelekwa vizuizini, na baadaye familia nyingi za Kiambu na Murang'a zikahamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Hayo hayakuingia kwenye picha. Hata kahawa iliyoupa mtaa wetu jina, kwa miaka mingi Mwafrika aliichuma kwa mzungu lakini hakuruhusiwa kuipanda kwake.

Basi nikisema "enzi zile maisha yalikuwa rahisi", swali ni moja: rahisi kwa nani? Kumbukumbu zetu nazo hukata picha. Zinabakisha uji wa nyanya, zinaacha watoto waliozikwa kwa surua. Wakati tunapata uhuru, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, zaidi ya 100 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata 41. Mama aliyezika mtoto enzi hizo hawezi kuimba sifa za wakati ule pamoja nasi.

Je, ni dhambi kukumbuka? Hapana. Katika Kumbukumbu la Torati 8 Israeli wanaamriwa wakumbuke njia yote ya jangwani, pamoja na njaa yake. Huko ni kukumbuka kwa ukweli, na kunazaa shukrani. Lakini katika Hesabu 11 watu wale wale wanakumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri, wamesahau mjeledi. Huko ni kukumbuka nusu, na kulizaa manung'uniko. Tofauti ni kama unakumbuka yote au unachagua.

Na hasara yake si ndogo, jamani. Kijana wa hapa Kahawa Sukari anatafuta kazi, analipa kodi ya nyumba, halafu kila siku anasikia wazee wakimwambia kwamba mema yote yaliisha kabla hajazaliwa. Atatumaini nini? Ni kama tunamwambia Mungu alifanya kazi hadi mwaka fulani, akaenda likizo.

Lakini kuna kitu cha kweli tunachokililia. Jirani alilisha mtoto asiye wake. Mgonjwa alitembelewa bila kupiga simu kwanza. Hayo hayakuletwa na kalenda. Yaliletwa na mtu aliyeamka asubuhi akaamua kuyafanya, na wakati mwingine alikuwa amechoka na hana kitu. Superhighway haikuyazuia, simu haikuyazuia. Geti linafungwa kwa mkono, na linafunguliwa kwa mkono.

Kwa hiyo wiki hii, ulimi ukitaka kusema "enzi zetu", mpendwa, usiunyamazishe. Malizia sentensi. Taja zuri lililokuwepo, taja na nani aliumia, kisha lifanye hilo zuri kwa mtu mmoja kwenye ploti yenu kabla ya Jumapili. Mtoto atakayekuona ukilifanya hatahitaji kuambiwa kwamba lilikuwepo zamani. Mungu awabariki.