Siku ya Mwisho Isiwe Kipimo

Kila panapotokea kifo cha ghafla, usemi mmoja hutoka matangani na kuzunguka kwenye simu za watu: wapende walio wako leo kana kwamba kesho hawapo. Ni usemi wa huruma, na chanzo chake ni jeraha la kweli. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imeikaribia Mwanza, mamia ya watu waliondoka bila kuagana na yeyote. Waliokuwa wakiwangoja walijiandaa kupokea wageni na mizigo, wakaishia kutambua maiti. Anayelifikiria hilo hathubutu kuubeza usemi huo. Hata hivyo, nauona unatupa kipimo kibovu. Unatutaka tumtendee kila mtu kama mgonjwa mahututi, na hakuna nyumba inayoendeshwa hivyo. Mtoto ambaye kila siku yake ni ya mwisho hatumwi dukani, haulizwi kazi ya shule, wala hakanywi. Na mke na mume wasiobishana hata juu ya ada kwa kuhofia kifo wanaishi na hofu ndani ya nyumba, wakidhani ni mapenzi.

Mwisho wa Umar bin Khattab, khalifa wa pili, unafundisha zaidi. Mwaka 644 alichomwa jambia akisalisha alfajiri msikitini Madina, lakini hakufa papo hapo. Alipata muda ambao wengi wanaokufa ghafla hawaupati. Aliutumiaje? Bukhari amepokea kwamba alimwagiza mwanawe, Abdullah, ahesabu madeni yake. Yakafika kama 86,000, naye akaeleza yalipwe kwanza kutoka mali ya nani, na ikipungua waombwe akina nani. Akamtuma kwa Bibi Aisha kuomba ruhusa azikwe pamoja na wenzake wawili, akamkataza asimtaje kwa cheo cha Amiri wa Waumini. Maziwa aliyonyweshwa yalikuwa yameshatokea kwenye jeraha, kila mtu chumbani akajua kwamba hatapona. Akaingia kijana mmoja, akamsifu na kumliwaza, na alipogeuka kuondoka nguo yake ilikuwa ikiburura chini. Umar akataka arudishwe, akamwita mwana wa ndugu yangu, akamwambia aipandishe. Siku ya mwisho yenyewe ilipofika, basi, mtu huyu alihesabu, akaomba ruhusa, akakanya. Aliendelea na shughuli za kila siku za mtu mwenye watu wake.

Desturi zetu za maziko zinalijua jambo hili kuliko semi zetu. Kabla ya kaburi kufukiwa, au mara tu baada ya sala ya jeneza, msemaji wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu aje kwetu, na aliyekosewa naye amsamehe. Hakuna anayeulizwa alimpenda marehemu kiasi gani. Linaloulizwa ni lile lililobaki wazi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kumthamini mtu, katika dunia ambayo kifo hakibishi hodi, ni kutomwachia mambo yaning'inie: hati ya kiwanja ijulikane ilipo, mkopo wa kikoba utajwe, ununaji wa miezi mitatu ukatwe kwa simu moja hata kama maneno yatakuwa makavu. Mtume aliwahimiza Waislamu wenye kitu cha kuusia wasilale hata siku mbili bila wasia ulioandikwa, na hakungoja wazeeke kwanza.

Atatokea wa kusema kwamba huu ni uhasibu, si upendo. Amuulize mjane anayelijua deni la mumewe siku mdai anapofika na karatasi. Hoja nzito zaidi ni ya mwanafalsafa Epictetus, aliyeshauri kwamba unapombusu mwanao ujikumbushe kuwa unambusu mtu wa kufa, ili akifa usitaharuki. Hapo kifo hakisahauliwi kamwe. Lakini faida ya zoezi hilo inaenda kwa nani? Inamkinga anayependa, mtoto hapati chochote cha ziada. Wasia na msamaha humfaa mwenzako, hata ukawa wewe ndiye uliyetangulia.

Kuna pingamizi moja ambalo silimalizi. Aliyefiwa ghafla akiwa hajapatana na marehemu atasema ushauri huu umemfikia akiwa amechelewa, na ni kweli: maji yakimwagika hayazoleki, neno ambalo lilipaswa kusikika halitasikika. Kilichobaki ni njia aliyoipita Abdullah yule yule. Miaka kadhaa baada ya msiba, akiwa safarini kwenda Makka, alikutana na Mbedui, akampa punda wake na kilemba alichokuwa amejifunga. Wenzake wakashangaa, maana Mabedui huridhika na kidogo. Akawajibu kwamba baba wa mtu huyo alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba alimsikia Mtume akisema wema mkubwa ni kuwaunga wale ambao baba aliwapenda. Abdullah hakuwa akilipa kosa lolote, lakini aliyekosa naye anaweza kuipita njia hiyo. Wapenzi wa marehemu wengi bado wako hai: shangazi aliyemlea, mwenzake wa baraza la kahawa, shemeji ambaye tangu arobaini hajapigiwa simu na mtu.