Homa ya Mtoto Haingoji Tumbaku

Keti, mwanangu. Nimechoka kulirudia jambo hili, lakini bora nilirudie kuliko nilinyamazie.

Mtoto alianza homa ukamnunulia vidonge vya kutuliza maumivu pale dukani, ukasema tumbaku ikishaanikwa utampeleka hospitali Koboko. Tumbaku ikaanikwa. Degedege likamkuta nyumbani, akazirai. Sasa amepona, nawe unasema yamekwisha. Sisi wa Dranya malaria tunaihesabu kwa makaburi tu. Kilichopungua kichwani mwa aliyepona hakuna anayekiuliza.

Ubongo ni seli za neva, mwanangu, nazo haziishi kwa chakula pekee. Zipo protini ambazo seli hupeana ili zisife, zikue na ziungane. Seli changa ikizikosa, hujiua yenyewe. Ya kwanza aliigundua mama wa Italia, Rita Levi-Montalcini. Sheria za kibaguzi za mwaka 1938 zilimfungia kazi ya chuo kikuu kwa kuwa ni Myahudi, akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akachunguza vifaranga ndani ya mayai huku vita vikiendelea. Protini yenyewe aliipata baadaye, akiwa Marekani. Mwaka 1986 yeye na mwenzake Stanley Cohen wakapewa Tuzo ya Nobel.

Nyingine huitwa BDNF. Hii huimarisha viungo baina ya seli za ubongo, hasa panapohifadhiwa kumbukumbu. Mtoto akijifunza kusoma, inafanya kazi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watoto wa Uganda waliolazwa kwa malaria kali. Waliokuwa na BDNF kidogo katika damu ndio waliozidiwa, wakachelewa kuzinduka, na wengi zaidi kati yao wakafa. Sisemi upungufu huo ndio uliowaua. Huenda ugonjwa ndio uliouleta. Lakini watoto wa Kampala waliopona malaria ya ubongo walipopimwa miaka miwili baadaye, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na udhaifu wa akili, iwe kukumbuka, kufikiri au kutulia.

Hospitali haina sindano ya kumrudishia mtoto BDNF. Ina ya kuua vimelea vya malaria, na hiyo inataka uwahi. Siku nyingine akishikwa na homa, mpeleke kwa mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyohiyo, atobolewe kidole apimwe. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akipata degedege, washa pikipiki, hata kama ni usiku wa manane.

Na shule ikifunguliwa, nenda mwenyewe kwa mwalimu wake, umweleze kwamba mtoto alizirai kwa malaria. Akiwa mzito wa kushika masomo, asichapwe.