Mtazamaji na Mwamuzi

Je, kutazama sanaa na kula vizuri mjini ni starehe ya mtu mmoja mmoja, au yaweza kuwa jambo la jamii? Tuchukue mfano wa vijana wa Shishiyu, wilayani Maswa, wanaokwenda Mwanza kwa Jumamosi na Jumapili. Huko Bujora, Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, wanaizuru Makumbusho ya Wasukuma: ngoma za watemi, viti vya enzi, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Wanapita kimya, wakinong'ona kama walio msibani. Jioni wanakula sato hotelini, kila mmoja akilipia sahani yake.

Siilaumu safari hiyo; asiyetoka hana cha kulinganisha. Lakini ukimya ule wanishangaza. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, yachezwayo hapo hapo Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo, yapata mwezi Juni, watazamaji ndio waamuzi: kundi livutalo watu wengi zaidi ndilo mshindi, na miguu ya mkulima yaamua sawa na ya mwalimu. Hali kadhalika shikome, moto wa jioni wa wanaume, palikuwa pahali pa kula pamoja, na mtoto alijifunza kwa kuwasikiliza wazee wakibishana. (Wanawake, ni haki kusema, walipika wala hawakuketi hapo.)

Basi kabla ya kulipa, vijana hao na waulizane: katika viti vile vya enzi, kipi kizuri kuliko vyote, na kwa nini? Wabishane hata sato apoe.