Kura Tatu

Jioni ya tarehe 25 Juni 2024, orodha ya kura za wabunge ilifika Mowlem wakati moshi bado unapanda tauni. Hapo kwa kibanda tunapokaa jioni, kila mtu alikuwa ameinamia simu. Wabunge 195 walikuwa wameunga mkono Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga. Tulisoma majina vile watu husoma matokeo ya mtihani.

Mathe wa chapati hakuangalia. Alisema tu, "Kijana wangu, mbunge akilipia mtoto wangu karo, kura yake ya huko ndani mimi nitaipika?"

Sikumjibu. Mimi mwenyewe nilisoma muhula mmoja kwa basari kabla ya kuacha chuo, na ile cheki niliipokea kwa mikono miwili. Lakini swali lake halijaniacha: mbunge tumpime kwa alichotufanyia, ama kwa alivyopiga kura?

Nikaanza kusoma juu ya Masinde Muliro. Alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1957. Hakuwa malaika. Alikuwa kigogo wa KADU, chama kilipovunjwa 1964 akahamia KANU kama wenzake, na baadaye akawa waziri wa Kenyatta.

Machi 1975, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa na mwili wake ukapatikana Ngong. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ikachunguza, na Juni ripoti ikaletwa. Serikali ilitaka Bunge liitambue tu, lisiikubali. Ikashindwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Muliro, aliyekuwa waziri, alipiga kura dhidi ya serikali yake. Akafutwa kazi, pamoja na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu.

Sasa piga hesabu. Hao watatu wangeenda upande wa pili, ingekuwa 62 kwa 59 kwa faida ya serikali.

Kuna wanaosema Muliro alikosea: huwezi kula na serikali halafu uipinge mbele ya watu, ukishindwa kuvumilia, jiuzulu kwanza. Hoja hiyo ina uzito, na nakubali angejiuzulu asubuhi angekuwa msafi zaidi. Lakini uaminifu kwa wenzako una mpaka, na kwangu mpaka ni pale unapoombwa usaidie kufunika maiti.

Wengine watauliza ilisaidia nini. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji ya J.M. Ni kweli. Lakini hata zile kura 195 za juzi hazikuleta ushuru, kwa sababu kesho yake Rais alikataa kutia sahihi. Mbona basi hatujazisahau? Kwa sababu kura inaonyesha mtu alisimama na nani siku ile ilikuwa na gharama. Matokeo hayako mikononi mwake peke yake. Kidole kilichobonyeza ni chake.

Basari ni tofauti. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ulioanzishwa 2003, ni kodi yetu. Mathe akinunua mafuta ya kupika, ameshachangia karo ya mtoto wake. Mbunge anayempa cheki anamrudishia chenji yake, na yeye anasema asante. Kura ndiyo mbunge anaitoa mfukoni mwake mwenyewe. Muliro alitoa uwaziri.

Juzi nilimhadithia mathe stori hii yote. Alisikiza huku akigeuza chapati, kisha akauliza, "Na watoto wa hao watatu, karo walilipiwa na nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ni rahisi kupenda mtu mwenye msimamo wakati hauna mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Kwa hivyo siwezi kumwambia arudishe cheki. Achukue, ni yake. Ninachomwomba ni kidogo: asiilipe mara ya pili kwa kunyamaza. Siku ya uchaguzi nitamletea orodha, nimsomee majina, na aamue mwenyewe.