Kukaa si Kufaa

Seremala aliyepoteza washa ya msumeno wake akaweka nyingine isiyo yake, na msumeno ukazunguka: je, ametengeneza au amedanganya?

Swali hili lina makazi yake Kidatu, pale Mto Ruaha Mkuu unapotoka milimani kuingia katika bonde la Kilombero. Mji huo wajulikana kwa miwa na kwa bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1975. Lakini bonde lake ni bonde la mbao pia, tangu mninga na mkongo wa misitu ya asili hadi misaji iliyopandwa kuanzia miaka ya 1990. Penye mbao hapakosi maseremala, na penye maseremala hapakosi msumeno wa meza wa zamani uliopita mikono mitatu minne kabla ya kumfikia mwenyewe. Mashine ya namna hiyo aghalabu hufika pungufu. Meza ya chuma ipo, mota ipo. Kilichopotea njiani ni kile kidogo.

Kidogo hicho kina kazi kubwa. Shafti hupita katika tundu la diski yenye meno. Diski hukumbatiwa huku na huku na washa mbili pana, zenye kipenyo kimoja, zilizochongwa katikati ili ziiguse karibu na kingo zake tu. Kisha nati hubana zote. Hesi ya nati nayo imekatwa kwa hekima: hufunguka kwa kuzungushwa upande ule ule inakokimbilia diski, hivyo mota inapoanza kuvuta, nati hujikaza. Haihitaji nguvu za bavu. Ama washa, hesabu yake ni nyepesi. Washa ya milimita 75 ikipotoka kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, diski ya milimita 300 huyumba kwa sehemu nne za kumi pale kwenye meno, kwa kuwa ni pana mara nne. Mdharau mwiba, walisema wahenga, mguu huota tende.

Sasa na achukuliwe fundi asiye na washa hiyo. Dukani haipo, mteja ameshatoa arbuni, ada ya shule ya mtoto yangoja. Fundi anatwaa washa ya bolti ya lori, anaivika, anakaza, anawasha. Mbao inapasuka. Lakini washa ile nyembamba yaibana diski karibu na tundu tu, na pembeni diski yapepea: njia ya msumeno yapanuka, mbao yaungua, na ikibanwa yaweza kurushwa nyuma kumwelekea aliyesimama. Fundi aonapo diski ikiyumba, huongeza spana. Nguvu imewekwa mahali pa usawa.

Wako watakaomtetea, na utetezi wao una haki. Bila ya ufundi wa kuungaunga, mashine nyingi za bara na za visiwani zingekuwa kimya, na ufukara si dhambi ya kuhukumiwa na walioshiba. Isitoshe, washa iliyokerezwa kutokana na chuma chakavu, pana kama ile ya kwanza na iliyonyooka kama ile, ni washa halali ingawa haikuzaliwa kiwandani. Basi asili ya kitu haitoi hukumu. Kinachoulizwa ni kama mbadala umeibeba kazi, ama umeziba nafasi tu.

Kidatu yenyewe ina mfano wa jambo hili. Hapo reli iliyotoka Kilosa, yenye upana wa milimita 1,000, ilikutana na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa upana wa milimita 1,067. Tofauti yake haizidi upana wa vidole vinne. Hata hivyo hakuna aliyeyagonga magurudumu kwa nyundo ili yakae. Mizigo ilishushwa katika behewa moja ikapakiwa katika jingine, kwa jasho, kwa gharama na kwa kuchelewa. Uchukuzi ule ulikiri hadharani kwamba viwili hivi havilingani, na gharama ya kukiri ikalipwa na wenye mzigo na wenye reli.

Karakanani gharama hulipwa na nani? Fundi aliyeiweka washa ile aijua aibu yake: husimama upande, husukuma mbao polepole, husikiliza. Siku aliyokwenda Ifakara, asimamaye hapo ni mwanagenzi, ambaye hajui kitu. Hatari imehama kutoka kwa ajuaye kwenda kwa asiyejua. Ndipo neno la "funika kombe mwanaharamu apite" linapogeuka ukatili, kwani apitaye hapa ni kijana mwenye vidole kumi. Wala kumwambia hakutoshi. Kijana aliyeambiwa, naye akikataa atafukuzwa, hajaridhia; ameshurutishwa. Anachodaiwa fundi ni kuizima mashine mpaka washa ikerezwe, na kumweleza mteja kwa nini mlango wake utachelewa. Fedheha hiyo ni ndogo, na ni yake mwenyewe.

Watunzi wa mashairi hawana haki ya kumcheka. Kila mmoja wao ameonja kishawishi cha kuingiza silabi isiyo na kazi ili mshororo utimize mizani kumi na sita. Idadi hutimia, kina hupatikana, na maana hupepea pembeni. Tofauti ni kwamba silabi ya kujazia huumiza sikio, na sikio hupona. Kwa hiyo seremala wa Kidatu abeba mzigo mzito kuliko mshairi wa Unguja: jambo lile lile la kusema kweli, yeye amewekewa kulitenda kwa chuma, chini ya meza, mahali ambapo mteja hatainama kutazama.