Sahani ya Mtoto

Kwetu Mwanza Dominika ya Komunyo ya kwanza huishia mezani. Ni vema, kwani furaha ya Kanisa ni furaha ya nyumba pia. Lakini tazameni viletwavyo: chipsi, kuku wa kukaanga, soda ya pili na ya tatu. Na mtoto aliye mnene kupita wenzake ndiye asifiwaye na wageni: “Huyu kwao wanakula!” Mama husikia akafurahi. Nani asingefurahi?

Hapo ndipo penye kosa, nalo ni letu wala si la mtoto. Twadhani unene ni heshima ya nyumba. Msimamizi wa vijana katika jumba la mfalme wa Babeli alikuwa na hofu kama yetu, kwamba wakikonda, lawama itamwangukia yeye. Danieli akaomba mboga na maji tu kwa siku 10; zilipotimia, yeye na wenzake walionekana wamenawiri kuliko waliokula vya mfalme.

Meza ya mfalme siku hizi i kila pembe ya njia. Chupa moja ya soda huwa na sukari ya vijiko vidogo 8 hivi. Mtoto aliyelemewa na uzito huishiwa pumzi mchezoni, huchekwa na wenzake, na akikua hivyo kisukari na shinikizo la damu humnyemelea mapema. Kumbe ziwa li mlangoni petu! Pale Mwaloni Kirumba dagaa hujaa magunia, na shambani kuna mchicha, maharage na viazi vitamu.

Wapo watakaouliza: je, ni haki kunena habari za unene katika nchi ambamo, kwa hesabu za mwaka 2022, watoto wapatao 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa? Ni haki, maana fedha iliyonunua soda ingenunua dagaa, na dagaa hao wangewafaa watoto wote wawili.

Tena mwili wataka kazi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili kwa dakika 60 kila siku. Sisi twampakia bodaboda kwenda shule iliyo mtaa wa pili, na jioni twampa simu ili atulie. (Ambao barabara yao ni ya hatari kweli, hao siwalaumu.) Basi Dominika hii, baada ya Misa, rudini naye nyumbani kwa miguu; na kabla hajaenda kucheza mpira, akae na mama yake jikoni, wachambue dagaa pamoja.